Je, Miungu Wote wa Kike ni Mama Mmoja?

Katika makumbusho ya Efeso, mjini Selçuk nchini Uturuki, zimesimama sanamu mbili za marumaru zilizofukuliwa mwaka 1956. Zote ni za Artemi, yule ambaye wasomaji wa Matendo ya Mitume sura ya 19 wanamfahamu kwa ghasia alizozusha Demetrio, mfua fedha aliyeona mahubiri ya Paulo yakimharibia biashara ya vihekalu. Artemi huyu amebana miguu kama maiti aliyevishwa sanda. Sketi yake imechongwa safu kwa safu za wanyama na nyuki, na kifuani pananing'inia mafundo mengi ya mviringo.

Mafundo hayo ni nini? Hieronimo, mwanazuoni wa Kanisa aliyefariki mwaka 420 BK, alisema ni matiti, na kwa karne nyingi watu wakakubali: huyu ni mama wa viumbe vyote, mwenye maziwa ya kumtosha kila mmoja. Lakini mafundo hayana chuchu. Karne iliyopita mtaalamu mmoja alipendekeza kuwa ni korodani za mafahali waliochinjwa sadaka. Wengine wakasema ni mayai, wengine mifuko ya ngozi ya kiibada iliyotumika Anatolia tangu kale. Kisha wachimbaji wakakuta kwenye tabaka za chini za hekalu vipande vya kaharabu vyenye umbo la tone, vilivyotobolewa ili vivaliwe. Huenda hayo ndiyo yaliyokuwa mapambo ya sanamu ya kwanza, na wachongaji wa baadaye wakayageuza marumaru.

Mzozo huu wa mafundo una uzito kuliko unavyoonekana. Yakiwa matiti, Artemi anaingia moja kwa moja katika kundi la Mama Mkuu. Yakiwa mapambo, yeye ni bibi wa mji tajiri aliyevishwa vito na watu wake. Na ng'ambo ya bahari, Ugiriki bara, Artemi mwenye jina hilohilo ni msichana mwindaji mwenye upinde, asiyetaka mume wala mtoto. Jina moja linabeba miili miwili isiyofanana hata kidogo.

Hapo ndipo penye swali la makala haya. Wahakiki wa fasihi wana istilahi ya kikale, yaani sura ya msingi inayojirudia katika visasili, sanaa na maandishi ya watu waliotengana kwa nchi na zama: mama, bikira, mshawishi, ajuza mwenye siri, mwanamke wa vita. Wanafunzi wengi wa fasihi hufundishwa kuwapanga wahusika wa kike katika visanduku hivyo. Je, miungu wa kike wa kale ni nyuso mbalimbali za sura moja iliyomo ndani ya binadamu wote? Au kila mmoja ni zao la mji wake, kazi yake na siasa yake, na ufanano tunaouona ni wa juujuu tu?

Mama mmoja alivyozaliwa

Wazo la Mama Mkuu mmoja, kama tunavyolijua leo, si la kale sana. Mwaka 1861 mwanasheria wa Basel nchini Uswisi, Johann Jakob Bachofen, alichapisha kitabu kilichodai kwamba kabla ya utawala wa akina baba, jamii za binadamu zilipitia enzi ya utawala wa akina mama, na kwamba visasili vya Kigiriki vimehifadhi kumbukumbu ya enzi hiyo. Friedrich Engels aliichukua hoja hiyo mwaka 1884 alipoandika juu ya asili ya familia. Kisha Mswisi mwingine, daktari wa akili Carl Jung, akaihamisha kutoka kwenye historia na kuiweka ndani ya nafsi. Kwa Jung, kila mtu huzaliwa na vikale visivyofundishwa, na mmojawapo ni mama mwenye sura mbili: anayelea na anayemeza. Mfuasi wake Erich Neumann alitoa mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya Mama Mkuu, kilichosheheni picha za sanamu na vyombo kutoka pembe nyingi za dunia.

Kitabu cha Neumann kinavutia mpaka leo, na udhaifu wake uko palepale kwenye mvuto wake. Chungu cha Peru na sanamu ya Misri vinawekwa kurasa jirani, vikiwa vimeng'olewa kwenye makaburi na mahekalu vilikotoka. Ukivitazama hivyo, ni lazima vifanane, kwa kuwa kila kitu ambacho kingeonyesha tofauti kimeachwa nyuma.

Aliyeipa nadharia hii udongo na mifupa alikuwa Marija Gimbutas, mwanaakiolojia mzaliwa wa Lithuania aliyefundisha California. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 na vilivyofuata, alidai kwamba Ulaya ya wakulima wa kwanza iliabudu mungu wa kike na kuishi kwa amani na usawa, hadi wapanda farasi kutoka nyika za mashariki walipoivamia na kuleta miungu ya kiume na silaha. Sehemu moja ya madai yake imepata nguvu mpya: tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba kweli watu wengi kutoka nyika hizo waliingia Ulaya karibu miaka 5,000 iliyopita. Lakini vinasaba vinasema nani alihama. Havisemi wenyeji walimwomba nani.

Ushahidi wa zamani zaidi nao ni bubu. Sanamu ya Willendorf iliyookotwa Austria mwaka 1908 ina urefu wa sentimita 11 hivi na umri unaokaribia miaka 30,000. Ina matiti na tumbo kubwa, haina uso, na ilipakwa ngeu. Imeitwa mungu wa uzazi. Imeitwa pia hirizi ya mjamzito, na hata mwanamke aliyejichonga mwenyewe akitazama chini. Jiwe halikatai hata jina moja kati ya hayo.

Kisa cha Çatalhöyük, Uturuki, kinafundisha zaidi kwa sababu pale tuna nyumba nzima na si kijiwe cha kuokota. Mwaka 1961 James Mellaart alifukua huko sanamu ya udongo ya mwanamke mnene aliyeketi, mikono yake juu ya vichwa vya wanyama wawili jamii ya chui. Ilikuwa ndani ya pipa la nafaka. Mellaart akaona mungu wa kike juu ya kiti cha enzi, na dunia ikaona naye. Ian Hodder alipoanza kuchimba upya mwaka 1993, hesabu ilibadilika: vinyago vingi vya mahali pale ni vya wanyama, na vingi vilitupwa majalalani pamoja na taka za nyumbani, jambo ambalo ni gumu kulipatanisha na ibada ya kitu kitakatifu. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba waliozikwa chini ya sakafu za nyumba moja mara nyingi waliungana kwa upande wa mama, na kwamba watoto wa kike walizikwa na vitu vingi kuliko wa kiume. Kwa hiyo mwanamke alikuwa na uzito katika mji huo. Uzito huo tumeujulia kwenye mifupa na sakafu. Sanamu ya kwenye pipa, iliyotangulia kupewa taji, haikuwa na sehemu katika ushahidi huo.

Inanna hatoshi katika sanduku

Maandishi yanapoanza, miungu wa kike wanaanza kusema, na tangu neno la kwanza wanavuruga mpangilio wa vikale. Mfano mkubwa ni Inanna wa Uruk, mji wa Wasumeri kusini mwa Iraki, ambaye baadaye Waakadi walimwita Ishtar. Chombo cha alabasta cha Warka, cha urefu wa mita moja hivi na chenye umri wa miaka zaidi ya 5,000, kinaonyesha jinsi mji ule ulivyomwelewa. Chini kabisa kuna maji, juu yake nafaka, juu ya nafaka kondoo, kisha wanaume walio uchi wakibeba vikapu vilivyojaa, na juu kabisa mwanamke akipokea mazao hayo mbele ya nguzo za matete ambazo ni alama ya Inanna. Huo ni uchumi wa mji mzima uliochongwa katika jiwe: chakula kinapanda kutoka mtoni hadi ghala la hekalu. Chombo hicho kiliibwa Baghdad wakati wa vita vya mwaka 2003 na kurudishwa miezi miwili baadaye, kimevunjika vipande.

Sasa mpange Inanna. Ni wa mapenzi, lakini hana sifa za mke. Ni wa vita, na washairi wanamfurahia akiwa vitani. Mtoto si kitu kinachomshughulisha. Katika kisa kimoja anamlewesha Enki, mungu wa hekima wa mji wa Eridu, akapewa mamlaka yote ya ustaarabu, kuanzia ufalme hadi ufundi, akayapakia kwenye mashua na kuyapeleka Uruk kabla mwenyewe hajalevuka. Msomaji anayetafuta kikale ataona mshawishi. Anayejua ramani ataona mji mmoja ukieleza kwa nini ukuu umehamia kwake kutoka mji mwingine.

Kisa cha kushuka kwake kuzimu kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Inanna anajipamba kwa taji, shanga za lazuli, vazi la kifalme, na mkononi anashika fimbo na kamba ya kupimia. Katika kila mlango kati ya milango saba anavuliwa kitu kimoja, na kila anapouliza sababu anaambiwa anyamaze, ndiyo kanuni ya huko. Anafika mbele ya dada yake Ereshkigal akiwa uchi, anauawa, na maiti yake inatundikwa kwenye kulabu. Enki anaumba viumbe wawili kutokana na uchafu wa kucha zake na kuwatuma. Hawaendi na silaha. Wanamkuta Ereshkigal akiugulia maumivu, na kila anapolia nao wanalia naye. Kwa kuguswa na huruma hiyo anawapa walichokifuata, na Inanna anafufuka. Lakini kuzimu haitoi mtu bure, lazima apatikane wa badala. Inanna anarudi mjini, anawakuta wote wamevaa matambara ya msiba, isipokuwa mumewe Dumuzi aliyekalia kiti cha enzi kwa mavazi ya fahari. Anamwonyesha kidole: mchukueni huyu.

Wafuasi wa Jung wamekisoma kisa hiki kama safari ya nafsi kukutana na kivuli chake, na usomaji huo si wa kubeza, kwani umewafariji watu wengi waliopitia msiba. Hata hivyo unaacha nje fimbo na kamba ya kupimia. Hivyo ni vifaa vya mpima mashamba, vya mtawala anayegawa ardhi. Kinachovuliwa milangoni ni madaraka, kipande kwa kipande, na mtunzi ametaka tuone jinsi malkia anavyobaki mtu wa kawaida pale vyeo vyake vinapokwisha. Mwenye kiti anaporudi na kukuta mwingine amekikalia bila hata kujifanya anaomboleza, hasira yake si siri ya nafsi peke yake. Ni siasa ya ikulu.

Siasa hiyo ilikuwa na mwanamke halisi ndani yake. Karibu mwaka 2300 KK, Sargon wa Akkad alimteua binti yake Enheduanna kuwa kuhani mkuu katika mji wa Ur. Kisahani cha alabasta chenye sura na jina lake kilipatikana mwaka 1927 katika uchimbaji wa Leonard Woolley. Tenzi zinazohusishwa naye zimetufikia katika nakala zilizoandikwa karne kadhaa baadaye, na wataalamu wanabishana iwapo alizitunga mwenyewe. Wazo kuu la tenzi hizo liko wazi: kuhani aliyefukuzwa na waasi anamsihi Inanna amrudishie nafasi yake, na ili apate msaada anamkweza mungu huyo juu ya wote. Binti wa mteka nchi, akiwahudumia watu waliotekwa na baba yake, alihitaji mungu mkali, na Inanna wa tenzi hizo ni mkali kweli.

Miaka ilivyosonga, ukali huohuo ukageuziwa kibao. Katika utenzi wa Gilgamesh, bamba la sita, Ishtar anamposa shujaa, naye anamjibu kwa kumhesabia wapenzi wote aliowaangamiza. Mungu ni yuleyule. Anayesimulia ni tofauti, na mwanamke aliyesifiwa kwa kuamua sasa anatukanwa kwa sababu hiyohiyo.

Kiti, ngao na hazina

Isis wa Misri ndiye anayetajwa kwanza kila mama wa vikale anapotafutiwa mfano. Anakusanya viungo vya mumewe Osiris aliyeuawa, anachukua mimba, anamlea Horus mafichoni kwenye vinamasi, anamnyonyesha. Tazama lakini alichobeba kichwani katika michoro ya kale: ni kiti cha enzi. Mtoto anayenyonya pajani pake ni mfalme ajaye, na kila Farao alikuwa Horus. Maziwa ya Isis yalikuwa uthibitisho wa urithi. Na mama huyu hakuwa mpole: kuna kisa anachoumba nyoka kwa mate ya mungu jua Ra aliyezeeka, nyoka akamuuma mzee, naye Isis akagoma kumponya mpaka amtajie jina lake la siri. Alilitaka kwa ajili ya mwanawe.

Warumi walipomchukua wakampa kazi nyingine, ya kulinda mabaharia, na sherehe ya mwezi Machi ya kufungua majira ya safari. Huko nyumbani Misri, waliomshikilia hadi mwisho hawakuwa Wamisri peke yao. Katika kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, Wanubi na Wablemi kutoka kusini waliendelea kumhiji baada ya dola ya Kirumi kuwa ya Kikristo. Mwandishi wa hieroglifu wa mwisho tunayemjua alichonga maneno yake hapo mwaka 394 BK. Mwaka 453 Warumi walitia saini mkataba na watu hao wa kusini, na sharti moja lilikuwa kwamba waruhusiwe kuendelea kuichukua sanamu ya Isis kwenda nayo kwao na kuirudisha. Mungu wa kike akawa kifungu cha mkataba wa amani. Hekalu lilifungwa katika karne iliyofuata, wakati wa Kaisari Justiniani.

Ugiriki inatupa Athena, na Athena ndiye jibu gumu kwa yeyote anayeamini kwamba jamii yenye mungu mkuu wa kike huwainua wanawake. Alizaliwa kutoka kichwani mwa Zeus, akiwa na silaha kamili. Katika tamthilia ya Aiskilo iliyoigizwa mwaka 458 KK, Orestes anashtakiwa kwa kumuua mama yake, na Athena anapiga kura ya kumwachilia kwa hoja kwamba yeye mwenyewe hakuzaliwa na mama, hivyo yuko upande wa baba. Mji wa Athene, uliomtazama mungu huyo akipiga kura, haukumruhusu mwanamke yeyote kupiga kura. Ndani ya hekalu lake, Parthenon, mchongaji Fidia alimaliza mwaka 438 KK sanamu ya Athena ya pembe za ndovu na dhahabu yenye urefu wa karibu mita 12. Mwanahistoria Thukidides anaeleza kuwa vita na Sparta vilipokaribia, kiongozi wa mji Perikles aliwahesabia wananchi akiba yao ya fedha na kuwakumbusha kwamba mavazi ya Athena yalikuwa na talanta 40 za dhahabu safi, karibu tani moja, zilizotengenezwa kwa namna ya kuvulika. Mji ungeweza kumvua mungu wake na kulipia vita, mradi ulipe baadaye.

Ni kweli kuhani mkuu wa Athena alikuwa mwanamke, tena mwenye heshima na madaraka hekaluni maisha yake yote. Lakini alitoka katika ukoo mmoja wa wakubwa. Cheo kilikuwa chake na cha ukoo wake, hakikuwa cha wanawake.

Roma nayo ilipobanwa na Hannibal iliagiza mungu wa kike kutoka nje. Mwaka 204 KK, kwa ushauri wa vitabu vya utabiri, Warumi walimleta Kibele kutoka Anatolia, akiwa katika umbo la jiwe jeusi, wakamjengea hekalu juu ya mlima Palatino. Walipoona makuhani wake wamejihasi na wanacheza mitaani kwa ngoma na matoazi, wakaweka mpaka: ibada iendelee, lakini raia wa Roma asiwe kuhani wa namna hiyo. Mama Mkuu alikaribishwa kwa masharti.

Waliobaki katika vitabu vya wapinzani

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana na miungu wa kike kwanza kama makatazo ndani ya vitabu vitakatifu. Nabii Yeremia anaeleza ibada ya malkia wa mbinguni kwa undani kuliko alivyokusudia: watoto huokota kuni, akina baba huwasha moto, akina mama hukanda unga wa mikate. Na katika sura ya 44, waliokimbilia Misri wanamjibu ana kwa ana kwamba walipokuwa wakimfukizia uvumba walishiba, na njaa ilikuja walipoacha. Ni nadra kitabu kuwaachia wapinzani wake nafasi ya kujitetea hivyo. Dini yao ilikuwa ya jikoni, na hoja yao ilikuwa ya chakula. Huko Kuntillet Ajrud, Sinai, mitungi iliyofukuliwa miaka ya 1975 na 1976 ina maandishi ya karibu mwaka 800 KK yanayoomba baraka za Yahwe pamoja na Ashera. Wataalamu hawajakubaliana kama Ashera huyo ni mungu au ni nguzo ya ibada.

Kurani, katika Surat An-Najm, inawataja Lata, Uzza na Manata kwa kuwakana. Wasimulizi wa Kiislamu walihifadhi mahali pao: Lata huko Taif, Uzza bondeni Nakhla, Manata huko Qudayd katika njia ya Makka na Madina. Lata alikuwa na maisha mengine kaskazini, mjini Palmyra nchini Syria, ambako wachongaji walimvalisha kofia ya vita na ngao ya Athena. Mlangoni pa hekalu lake alisimama simba wa mawe wa zaidi ya mita tatu, akimkumbatia swala kati ya miguu yake, ishara kwamba damu haimwagwi mahali hapo. Simba huyo aliharibiwa na wapiganaji wa Dola ya Kiislamu mwaka 2015, akakarabatiwa mwaka 2017. Lata aliyevaa kofia ya Athena ni ufanano wenye anwani: Palmyra ilikuwa kituo cha misafara, na wenye sanamu walijua soko la Wagiriki linapenda nini. Ufanano mwingi unaodhaniwa ni wa nafsi umepita forodhani.

Mungu anayezaliwa mbele ya macho yetu

Kwa miungu wa kale tunakisia mwanzo. Afrika inatupa visa viwili vya karibu ambapo mwanzo na matumizi vinaonekana.

Cha kwanza ni cha milima inayounganisha Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda, alikoabudiwa Nyabingi, nguvu ya kike inayosema kupitia watu inaowapanda. Wengi wa wasemaji hao walikuwa wanawake. Muhumuza, aliyejitambulisha kama mjane wa Mwami Rwabugiri wa Rwanda, aliwakusanya watu kwa jina la Nyabingi dhidi ya wakoloni, akakamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuzuiliwa Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Jina hilo limevuka hadi Jamaika, ambako Warasta huita Nyabinghi ngoma na mikesha yao. Hapa mungu wa kike alimpa mwanamke jeshi, kitu ambacho Athena hakuwapa wanawake wa mji wake. Chanzo cha tofauti hiyo ni cheo. Kupandwa na Nyabingi hakukuwa mali ya ukoo wa mfalme, kwa hiyo kulimfungulia njia mtu aliyekuwa nje ya baraza.

Kisa cha pili ni cha Katanga. Katika miaka ya 1970, kuta za sebule nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na mchoro wa mamba muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, mara nyingi saa mkononi na nyoka pembeni. Husimuliwa kwamba anayepata unywele wake hujiwa na mwenye nywele ndotoni, akaahidiwa utajiri kwa sharti la kutunza siri, na anayevunja sharti huangamia. Ni dada wa Mami Wata wa Afrika Magharibi, na sura ya Mami Wata ina cheti cha kuzaliwa: sehemu yake kubwa imetokana na bango la mwanamke mchezesha nyoka lililochapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, likasambaa pwani za Afrika, na mwaka 1955 likachapwa upya Bombay.

Mfuasi wa Jung angesema bango lilipokelewa kwa sababu mama wa majini tayari alikuwa moyoni. Kuna ukweli: roho za maji zilikuwapo kabla ya bango. Lakini angalia alichokuwa anafanya Lubumbashi. Hakuwa anatoa mvua, mimba wala nafaka. Alikuwa anaeleza kwa nini mfanyakazi wa mgodi mwenye mshahara uleule kama wa jirani yake ghafla ana gari, na kwa nini fedha ya ghafla haina baraka. Saa ya mkononi haikuwekwa kwa bahati mbaya. Huyu ni mungu wa mji wa mishahara.

India inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Durga, anayemuua zimwi la nyati, alichongwa kwa ustadi kwenye pango la Mahabalipuram katika karne ya 7 BK, na usiku tisa wa Navaratri bado huchezwa Mombasa na Dar es Salaam na jamii za Wahindu. Mwaka 1905, Waingereza walipoigawa Bengal, mchoraji Abanindranath Tagore alichora Mama India mwenye mikono minne, na taifa likapata mungu wake wa kike.

Kikale kina kazi gani basi?

Hakuna sababu ya kukitupa. Binadamu wote huzaliwa na mwanamke, wote hufa, wengi huishi kwa majira ya mvua na mavuno, na ni kawaida sura kadhaa zijirudie bila mtu kumwiga mwenzake. Mama anayemtafuta mtoto aliyemezwa na ardhi, kama Demetra wa Ugiriki, ataeleweka popote palipo na mama na kaburi. Kikale kinaeleza vizuri kwa nini kisa cha kigeni kinatugusa. Hakielezi kwa nini kilitungwa, wala kwa nini kilitungwa hivyo.

Kwa kazi hiyo ya pili kuna maswali matatu yanayofaa zaidi. Mungu huyu aliombwa nini: mtoto, ushindi, unga, siri ya fedha? Nani alishika ufunguo wa hekalu lake, na cheo hicho kilipatikanaje? Nani aliyesimulia kisa tunachokisoma, rafiki yake au adui? Maswali hayo yanawatenganisha Inanna wa Enheduanna na Ishtar wa Gilgamesh, yanaonyesha kwa nini Athena na Nyabingi hawakuwafanyia wanawake jambo moja, na yanatuzuia kuivika taji sanamu ya Willendorf ambayo haina jibu hata kwa swali moja.

Faida yake inavuka akiolojia. Mwalimu anayemwita mhusika wa kike wa riwaya kikale cha mama, au cha mshawishi, amempa mwanafunzi jibu linalofunga kitabu mapema. Mhusika huyo anaishi katika nyumba ambayo hati yake ina jina la mtu, anapika kwa fedha iliyotoka mahali, na anasimuliwa na mwandishi mwenye upande. Wasumeri waliyajua hayo walipomvua Inanna fimbo na kamba yake ya kupimia, na msomaji anayevipuuza vifaa hivyo viwili amesoma nusu ya kisa.